Kubadilisha ringi si ovaholi

"Injini imefanyiwa ovaholi." Matangazo ya magari ya zamani yamejaa maneno hayo, na ukimuuliza muuzaji ovaholi hiyo ilihusu nini, mara nyingi utajibiwa: ringi mpya (zile pete za chuma zinazovaliwa na pistoni), gasketi mpya, oili mpya. Akiwa mkarimu ataongeza beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Hiyo ni kazi halali kabisa, ila si ovaholi.

Ovaholi ni kuifungua injini hadi bloki, yaani mwili wake wenye silinda, ibaki tupu, kuisafisha, kupima kila sehemu inayosuguana na nyingine, kisha kuzirudisha sehemu hizo kwenye vipimo vya mtengenezaji kwa kuzichonga upya au kuzibadilisha. Basi, maana ni hiyo. Kinachopotea kila siku ni lile neno la katikati, kupima, na likipotea hilo, hupotea pia mtu anayepima.

Maana watu hudhani ovaholi yote hufanyika gereji. Fundi wa gereji hufungua na kufunga, na akiwa mzuri hufunga vizuri sana. Lakini kati ya kufungua na kufunga kuna kazi ya mtu mwingine: mchongaji mwenye karakana ya mashine. Huyu hakutani na gari lako kabisa. Yeye huletewa bloki, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), konrodi na silinda hedi (kifuniko cha juu chenye valvu), naye ana mashine ya kupanua silinda, ya kusaga krenki, ya kunyoosha uso wa hedi, na mikromita za kusoma sehemu ya mia ya milimita. Gereji isiyo na vifaa hivyo haina kosa lolote. Kosa ni kusema imefanya ovaholi wakati bloki haikutoka mlangoni.

Kwa nini ringi mpya hazitoshi? Kwa sababu silinda haichakai sawasawa. Huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ambapo joto na msukumo wa gesi ni mkubwa na oili ni haba. Juu kabisa, mahali ringi isipofika, chuma hubaki kama kilivyokuwa na kutengeneza ukingo unaoweza kuhisiwa kwa ukucha. Tena konrodi inapokwenda kwa mshazari huisukuma pistoni ubavuni, kwa hiyo silinda ya duara huelekea kuwa yai. Sasa tia ringi mpya humo. Ikiwa kipenyo cha juu kimezidi cha chini kwa milimita 0.10, mwanya wa ringi, ulio kati ya ncha zake mbili, utafunguka na kufumba kwa karibu milimita 0.3 kila pistoni inapopanda na kushuka. Na ule ukingo wa juu unaweza kuigonga ringi mpya, yenye kona ambazo bado ni kali, hadi ivunjike. Gari litawaka, moshi utapungua kwa muda, tangazo litaandikwa.

Mchongaji hufanya nini? Huipanua silinda hadi ukubwa mmoja kutoka juu hadi chini, ndipo zinapoingia pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko za mwanzo. Hatua zilizozoeleka ni milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 juu ya standadi. Injini zilizopimwa kwa inchi mara nyingi hutumia 0.020, 0.030 na 0.040. Krenki huenda kinyume: shingo zake, sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, husagwa zipungue, na beringi huwa nene zaidi kufidia. Si kila injini hupanuliwa, lakini. Peugeot 504 ya petroli ina slivu (mirija ya silinda) zinazotoka, zilizozungukwa na maji, na Volkswagen Beetle ina silinda zinazochomolewa mojamoja. Hapo unanunua mpya, huchongi. Mchongaji asiyekuuliza ni injini gani kabla ya kutaja kazi, mwache.

Na hapo ndipo penye swali ambalo watu huliuliza vibaya: karakana nzuri ni ipi? Wengi huuliza bei na siku ya kuchukua. Uliza hivi: "Utaipanua kwa kipimo gani?" Anayejibu papo hapo, bloki ikiwa bado kwenye gunia, ameshakujibu zaidi ya ulivyouliza. Mchongaji makini atasema hajui mpaka apime, na baada ya kupima atakwambia ulete pistoni kwanza, kabla mashine haijagusa chuma. Hakusumbui bure: pistoni zilizoandikwa ukubwa mmoja hutofautiana kidogo, na nafasi kati ya pistoni na silinda ni ya sehemu za mia za milimita. Silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyopo mkononi, si ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Tazama pia anavyomalizia. Mashine ya kupanua huacha chuma kidogo makusudi, kisha mawe ya kunoa humalizia na kuacha mikwaruzo inayokatana, ambayo ndiyo hushika oili. Silinda inayong'aa kama kioo inapendeza macho tu. Wachongaji wengine hufunga bamba nene la chuma juu ya bloki kabla ya kunoa, boliti zikiwa zimekazwa kama za hedi, kwa kuwa bloki hupinda kidogo hedi inapokazwa na wanataka silinda iwe duara katika hali hiyo. Ukiliona bamba hilo ukutani, keti uzungumze naye. Kwenye krenki, angalia kona za shingo: zinatakiwa ziwe na mviringo laini, kwani kona kali ndipo ufa huanzia. Halafu omba karatasi ya vipimo, vya kabla na vya baada, silinda kwa silinda. Aliyepima kweli anayo tayari.

Kuhusu hedi sitasema mengi: ipimwe kupinda kwa rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), itafutwe nyufa, valvu na viti vyake vikaguliwe. Ila kwa gari la zamani kuna jambo moja. Injini nyingi za enzi ya petroli yenye madini ya risasi zilichongewa viti vya valvu moja kwa moja kwenye chuma cha hedi, na risasi ndiyo iliyovilinda visiliwe. Petroli hiyo imekwisha kwenye magari. Algeria, nchi ya mwisho kuiuza, iliacha mwaka 2021. Hedi ikiwa tayari mezani, muulize mchongaji kama inahitaji viti vigumu. Na kama hedi ni ya aluminiamu, uliza inaoshwa kwa nini, maana dawa kali ya magadi inayosafisha bloki ya chuma huitafuna aluminiamu.

Bloki ikirudi gereji, fundi aioshe tena kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake haiondoi unga wa mawe ya kunoa, na unga huo ukibaki utazisaga ringi mpya tangu siku ya kwanza.

Sasa, kwa anayeuza: kama ulibadilisha ringi na gasketi, andika "imebadilishwa ringi na gasketi". Mnunuzi mwenye akili hatakukimbia kwa hilo. Atajua injini ilifunguliwa lini na kwa kiasi gani. Neno ovaholi liache kwa injini yenye karatasi ya vipimo. Na kama bloki ilichongwa, taja ovasaizi iliyowekwa, maana mtu atakayeifungua baada yako atahitaji kujua chuma kilichobaki kinatosha kuchongwa mara nyingine au la.