Mpangilio wa spishi: kwa nini ndege huhamishwa kwenye orodha

Waongoza watalii wa Uganda wanaotembea na vitabu viwili vya ndege wanaijua kero hii. Kitabu cha zamani kinamweka kozi jirani na tai. Kipya kinampeleka mbali huko, karibu na kasuku. Korongo nyangumi, anayewaleta wageni kwenye kinamasi cha Mabamba, naye ameondolewa kwa makorongo akawekwa pamoja na mwari na fundichuma. Ndege ni walewale. Kilichobadilika ni mpangilio wa spishi, yaani utaratibu wa kuwataja mmoja baada ya mwingine kwa kufuata nasaba.

Nasaba ina umbo la mti wenye matawi, lakini orodha ni mstari. Ugumu unaanzia hapo. Ni sawa na kuandika majina ya ukoo mzima kwenye mstari mmoja: watoto wa baba mmoja lazima wakae pamoja, ila nani atangulie, wao au watoto wa baba mdogo, damu haisemi. Kila tawi linapogawanyika, pande zake mbili zinaweza kubadilishana nafasi na mti ukabaki uleule. Spishi nne tu, hata kama undugu wao unajulikana wote, zinaweza kupangwa kwa namna nane, na zote ni sahihi.

Ndiyo maana kamati za orodha hujiwekea kanuni. Katika bara la Amerika, tawi lenye spishi chache hutajwa kwanza. Idadi ikilingana, huanza wale wa kaskazini-magharibi, wakafuata wa kusini-mashariki. Kanuni hiyo ya pili haina biolojia yoyote ndani yake, ni makubaliano tu. Kwa hiyo kutajwa kwanza hakumfanyi ndege kuwa wa kale zaidi wala duni, ingawa wengi hudhani hivyo.

Kazi kubwa imefanyika kwa ndege wavumaji, wale wadogo wa Amerika wanaoelea hewani mbele ya ua. Uganda hawapo. Tunao chozi, wanaofyonza nekta vilevile, na mgeni huwachanganya kwa urahisi. Lakini chozi wamo kwenye oda moja (kundi kubwa linalojumuisha familia nyingi) na shomoro, ilhali ndugu wa karibu wa wavumaji ni teleka, kama hawa wanaozunguka juu ya majengo ya Kampala. Mdomo mrefu umeletwa na chakula, si undugu.

Umbo na rangi viliwapotosha wataalamu hata ndani ya wavumaji wenyewe. Mwaka 2014 mtafiti Jimmy McGuire na wenzake walichapisha mti uliotokana na DNA ya spishi 284, wenye matawi makuu tisa. Jenasi ya Amazilia (jenasi ni kundi la spishi zinazohesabiwa kuwa ndugu wa karibu), iliyokuwa kubwa, ilionekana kukusanya ndege wasio ndugu wa karibu, na baadaye ikavunjwavunjwa. Mvumaji mkubwa wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, Patagona, alikuwa tawi zima peke yake. Tawi lililo ndugu yake wa karibu lina spishi zaidi ya mia moja, hivyo yeye hutajwa kabla yao. Mwaka 2024 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba Patagona ni spishi mbili, mmoja hukaa milimani mwaka mzima na mwingine huhama. Orodha ikaongezeka jina, lakini nafasi yao haikuhitaji kuguswa: wawili bado ni wachache.