Kabla hujauliza namba, angalia mistari

Nafanya takwimu za majaribio ya dawa za kansa, na matokeo yakitoka tu swali la kwanza ninaloulizwa ni lile lile, uwiano wa hatari, yaani hatari ya kundi la dawa mpya ukigawa kwa ya kundi la dawa ya kulinganishia, ni ngapi? Mi nasema nipeni kwanza grafu, ile yenye mstari kwa kila kundi unaoonyesha asilimia ya wagonjwa ambao bado wako hai, au ambao kansa yao haijaendelea, kadiri miezi inavyopita.

Tuanze na data zenyewe. Siku ya kufunga hesabu wagonjwa wengine bado wako hai na wengine waliacha kuja kliniki kitambo, hatujui kilichowapata baadaye, yaani taarifa zao zimekatika. Huwezi kuwahesabu wamekufa, na ukiwatupa umetupa miezi yote waliyoishi mbele ya macho yako. Wanatakwimu Kaplan na Meier walitatua hili mwaka 1958. Chukua wagonjwa 10, mwezi wa 3 anafariki mmoja, wamebaki 9 kati ya 10, asilimia 90. Mwezi wa 5 wawili wanapotea, mstari haushuki ila sasa tunafuatilia 7 tu. Mwezi wa 8 anafariki mwingine, 6 kati ya 7, unazidisha na ile 90 unapata kama asilimia 77. Basi, ndo ngazi zile unazoziona kwenye grafu. Ila hii inasimama tu kama waliopotea hawakupotea kwa sababu hali ilikuwa imewazidia, na hapo mi huwa nachimba sana.

Afu mwaka 1972 mwanatakwimu Cox akaleta modeli yake, ndo inatoa ule uwiano wa hatari. 0.74 maana yake wakati wowote hatari kwenye kundi la dawa mpya ni pungufu kwa asilimia 26. Wakati wowote! Ndo sharti lenyewe, uwiano usibadilike toka mwanzo hadi mwisho.

Sasa angalia jaribio la IPASS, lilitoka 2009, dawa ya gefitinib dhidi ya kemotherapi kwa kansa ya mapafu. Muda wa kukaa bila kansa kuendelea ulitoa hiyo hiyo 0.74, lakini mediani, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa wameuvuka, ni miezi 5.7 kwa gefitinib na 5.8 kwa kemotherapi, karibu sawa kabisa! Inawezekanaje? Mistari ilipishana, mwanzoni kemotherapi iko juu, baada ya kama miezi 6 gefitinib inapanda juu. Walipogawa wagonjwa kwa jeni ya EGFR ikaeleweka, wenye mabadiliko ya jeni walipata 0.48, wasio nayo 2.85, hatari karibu mara tatu, yaani dawa ile ile inamsaidia huyu na kumwumiza mwenzake, na 0.74 ilikuwa imewachanganya wote kwenye chungu kimoja. Mgonjwa asiye na mabadiliko hayo ukimpa dawa kwa kuamini ile 0.74 umemnyima muda wake, na hili linaniuma kweli.

Kwa hiyo mistari ikipishana, au ikichelewa kuachana kama inavyotokea sana kwenye dawa za kuamsha kinga ya mwili, mi napima eneo chini ya kila mstari hadi mwezi fulani tuliokubaliana kabla ya kufungua data. Jibu linakuja kwa miezi, ndani ya miaka miwili huyu kapata miezi mingapi zaidi ya yule, na hiyo daktari anaweza kumwambia mgonjwa akaelewa.