Maana ya mgongano wa matumizi katika eneo la mapumziko: mfano wa pwani ya Paje

Mgongano wa matumizi hutokea pale ambapo kundi moja, kwa namna linavyotumia eneo la mapumziko, linalikosesha kundi jingine kile lililokifuata hapohapo. Si lazima pawe na ugomvi. Mara nyingi mmoja huumia kimya na mwenzake hana habari, kwa hiyo ukiwauliza wageni peke yao kama wamefurahia, mgongano wenyewe hutauona.

Chukua Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Mgeni akishuka ufukweni huona mchanga mweupe, maji ya kina kifupi yaliyozuiwa na mwamba, na nafasi tupu. Mwenyeji akisimama hapohapo huona mashamba ya mwani, mashimo ya kuozeshea makumbi ya nazi, njia ya kuendea pweza, uwanja wa mpira na mahali pa kuegesha ngalawa. Vyote vipo, ila havipo kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mgeni anapokosea: analisoma eneo kwa macho, na mwenyeji analisoma kwa maji.

Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji hupwa sana na kupwa huko huangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Bahari hurudi nyuma mamia ya mita, na sakafu yake yote inakuwa mahali pa kazi. Kila siku kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50, hata baada ya wiki moja, katika maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, maji hupwa alasiri. Hayaendi mbali, lakini ukanda wa mchanga mgumu unatosha vijana kucheza mpira na wazee kupunga upepo. Kwa hiyo mchanga uleule ni shamba wiki hii na ni uwanja wiki ijayo. Ramani isiyo na kalenda ya maji haiwezi kuonyesha jambo hilo.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Vijiti hukitwa mchangani, kamba huvutwa kati yake, na vishada vya mwani hufungwa kwenye kamba kwa tai-tai, yaani vijikamba vyembamba. Baada ya wiki sita hivi huvunwa na kuanikwa. Maji yakijaa, shamba lote hufunikwa na juu yake hubaki maji ya bluu tu. Hapo ndipo anapoingia mpanda kaiti, yaani anayeteleza majini juu ya ubao huku akivutwa na tiara kubwa. Upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba, na wa kusi, kuanzia Juni, humpa anachotaka, na ndani ya mwamba maji yametulia. Ubao wake ukipita chini unakata kamba. Yeye mwenyewe akianguka anaweza kuchomwa na kijiti. Mkulima hugundua hasara baadaye, maji yakipwa, wakati aliyeisababisha ameshaondoka. Tena, maji ya kina kifupi yakipata joto kali mwani hufa, hasa aina ya kotonii yenye bei nzuri zaidi, hivyo wakulima husukumwa kuelekea maji ya kina kirefu, na huko ndiko kaiti zinakokimbia.

Ufukweni nako kuna yake. Kamba za kaiti zina urefu wa mita 20 hadi 25. Zikitandazwa kukatisha mchanga, mama aliyejitwisha gunia la mwani mbichi analazimika kuzunguka. Vitanda vya hoteli vikisogezwa hadi mstari wa maji kujaa, njia ya kijiji hufa bila mtu kuifunga. Mawe yaliyorundikwa mchangani, ambayo mgeni huona ni takataka au mapambo, yamefunika makumbi ya nazi yanayooza kwa miezi ili yapigwe na kusokotwa kamba. Akiyaondoa, mawimbi huyachukua makumbi.

Upo pia mgongano wa thamani, usiohusu nafasi. Anayepita kijijini na nguo za kuogelea, au anayempiga picha mkulima aliyeinama shambani bila kumwomba, hajamzuia mtu kufanya kazi yake, lakini amemvunjia heshima. Mgongano wa nafasi hutatuliwa kwa kugawa sehemu na saa. Huu wa pili haugawiki; dawa yake ni kumweleza mgeni mapema, kabla hajashuka ufukweni. Kuchanganya hivi viwili ndiko kunakoharibu mipango mingi.

Anayetaka kuujua mgongano wa pwani yake asianze na maswali. Aanze kwa kuhesabu: wiki moja ya bamvua na wiki moja ya maji mafu, Ijumaa na Jumapili zikiwemo, mara nne kwa siku, yaani alfajiri, saa nne, alasiri na baada ya magharibi. Asimame mahali palepale kwa dakika 15 na kuandika ni nani, anafanya nini, na yuko wapi: mchanga mkavu, mchanga uliolowa au ndani ya bahari. Kuhesabu alasiri tu, jua linapopoa, humwonyesha wageni na wachezaji, akakosa wafanyakazi wote wa asubuhi.

Ndipo achore ramani na watu wenyewe, wanawake mbali na wanaume. Wanaume huchora ngalawa, madema (mitego ya samaki) na uwanja wa mpira. Mashamba ya mwani na mashimo ya makumbi yanajulikana vizuri na wenye nayo, ambao wengi ni wanawake. Asitumie neno “mapumziko” anapouliza. Wengi watajibu kwamba hawana muda wa kupumzika, ilhali kila jioni wako pwani. Aulize, “Mnakwenda wapi kupunga upepo, saa ngapi, na mwaka huu mmeacha kwenda wapi?” Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu waliokwisha kusukumwa nje ya eneo hawaonekani katika hesabu yoyote ya watu waliopo.