Klachi kuteleza: maana yake ni nini?

Umepanda mlima wa Riat kutoka Mamboleo, hapa Kisumu, nyuma kuna abiria na gunia la viazi. Injini inanguruma kama inawahi Nairobi, lakini pikipiki inatambaa hadi watoto wa shule wanakupita kwa miguu. Hiyo ndiyo klachi kuteleza. Wengi husema "pikipiki haina nguvu" na kuanza kulaumu kabureta au pistoni. Nguvu ipo, ila inapotea njiani kabla haijafika kwenye gia.

Klachi ya boda boda nyingi ni fungu la pleti nyembamba zilizobanwa pamoja na springi, zikioga katika oili ileile ya injini. Pleti hizo ni za aina mbili. Za kwanza zimebandikwa vipande vya kahawia vinavyofanana na bitana ya breki, na masikio yake ya nje huingia katika mianya ya baskiti inayozungushwa na injini. Za pili ni chuma kitupu, meno yake yako upande wa ndani, nazo hushika habu inayopeleka mzunguko kwenye gia. Kwa hiyo za kahawia ni za ukoo wa injini, za chuma ni za ukoo wa gia. Springi zikizibana, koo zote mbili huzunguka kama kitu kimoja. Ukivuta mkono wa klachi, mbano unalegea na kila ukoo unazunguka kivyake. Kuteleza ni pale ambapo hujavuta mkono, springi zimebana, lakini za injini bado zinazipita za gia.

Hili nilifunzwa na kosa langu mwenyewe, uani hapa Kondele, nikiwa na sinia kuukuu na spana namba 10. Nilizitoa pleti, nikazipanguza, nikazirudisha kwa kukisia. Pikipiki ikawa mbaya kuliko mwanzo. Kijana wa jirani, ambaye ni fundi, akaja kuangalia.

"Zote tisa nimerudisha," nikamwambia. "Hakuna iliyobaki."

"Sawa, mzee, zote ziko. Lakini kila moja imekaa na nani?"

Tulipofungua tukakuta mbili za kahawia zimelaliana, na mbili za chuma zimefuatana. Za kahawia zote mbili huzunguka na baskiti, basi kati yao hakuna anayemvuta mwenzake. Piga hesabu: pleti 5 za kahawia na 4 za chuma zikipishana moja kwa moja, zikianza na kuishia na ya kahawia, zinatoa nyuso 10 za kushikana, pamoja na zile mbili za kwenye ncha, ambako ya kahawia hugusa habu upande mmoja na presha pleti (sahani inayosukumwa na springi) upande wa pili. Kwa mpangilio wangu zilibaki 8. Moja ya tano ya mshiko ilikuwa imekwenda, na kwenye sinia hakukuwa na hata bolti moja iliyobaki ya kunitonya. Siku hizi kila pleti ninayoitoa naitunga kwenye waya papo hapo, kama samaki aina ya ngege sokoni, na narudisha kwa kufuata waya.

Pleti mpya zisiingizwe kavu. Ziloweke kwanza kwenye oili ya injini, nami huziacha usiku kucha. Bolti za springi hukazwa kidogo kidogo kwa kuvuka msalaba, maana ukimaliza moja kabla ya nyingine presha pleti inakaa upande, na vile vinguzo vya alumini vinavyoshika bolti havina subira, huvunjika.

Si kila kuteleza kunatokana na mpangilio, bila shaka. Pleti huisha, springi huchoka. Kebo iliyokazwa mno nayo huacha klachi nusu imevutwa siku nzima: katika pikipiki nyingi ncha ya mkono inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Kisha kuna oili. Baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi huishi kwa msuguano. Kwenye chupa tafuta maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki inayooga oili.

Ukishafunga kila kitu na kurudisha oili, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, injini imezimwa, weka gia ya kwanza. Vuta mkono wa klachi: gurudumu la nyuma lizunguke, hata kama ni kwa uzito kidogo. Achia mkono, lisukume tena. Sasa ligome, na usikie pistoni ikilikataza.