Gari dogo kulitia baharini: mambo ya kujua kabla hujawasha grenda

Kwa miaka mingi njia ya kwenda Uzi, kisiwa kilicho kusini mwa Unguja, ilipitika kwa ruhusa ya bahari. Maji yakitoka, gari na vespa zilikatisha katikati ya mikoko kutoka Unguja Ukuu. Yakijaa, anayekwenda na anayerudi wote walikaa wakangoja. Si ajabu basi kwamba vijana wa gereji hutuuliza mara kwa mara katika idara yetu ya ufundi wa mashine: gari dogo haliwezi kugeuzwa likaelea, likavuka lenyewe bila kungoja maji kupwa?

Linaweza, na limekwishafanyika. Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliunda na kuuza Amphicar, gari la watu wanne lenye injini ya cc 1,147 iliyofungwa nyuma. Barabarani lilikwenda kama kilomita 110 kwa saa, majini kama 12, likisukumwa na rafadha mbili na kuongozwa kwa magurudumu yake ya mbele. Hazikufika 4,000 zilizotengenezwa. Lakini hilo liliundwa tangu mwanzo liwe chombo cha majini. Mtu anayechukua Vitz ya barabarani na kutaka kuitia bahari ya chumvi ana kazi nyingine kabisa, na wengi huianzia mahali pasipo na tabu.

Wanaanzia kwenye kuelea. Hesabu yake ni ya skuli. Gari la kilo 900, ongeza watu wanne, ongeza fiba na vyuma vya kulifunga chini, jumla iwe kama kilo 1,300. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kama kilo 1.025, kwa hiyo gari lazima lisukume karibu lita 1,270 za maji. Likipewa tumbo bapa lenye urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 1.5, na pembe zikakatwa ili lipasue maji, litazama kiasi cha sentimita 30 tu. Kila kilo 44 zinazoongezwa hulishusha sentimita moja. Kwa karatasi, kazi imekwisha.

Sasa pima sentimita 30 kutoka chini ya gari lako kwenda juu. Umekwishafika mlangoni.

Hapo ndipo penye kazi. Raba ya mlango wa gari imewekwa kuzuia mvua na vumbi, si maji yanayosukuma muda wote. Amphicar yenyewe ilikuwa na komeo la pili la kuubana mlango kabla ya kuingia majini. Kwa gari lililogeuzwa gereji, ushauri wetu ni mmoja: milango ichomelewe moja kwa moja, watu wapandie juu kama wanavyopanda boti. Kisha lala chini ya gari na taa. Utaona vizibo vya raba sakafuni, tundu la waya wa hendibreki, la fimbo ya gia, la bomba za breki, la nyaya za umeme, na mahali ekseli zinapotokea. Tundu lenye upana wa sentimita moja tu, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza takriban lita 7 kwa dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya lita 400, na upo wa kukumbia maji hauzipati ngama za gari, zile pembe za chini yanakokusanyika maji, zilizojificha chini ya viti.

Njia nzuri ya kuyatafuta matundu ni kufanya kinyume: tia maji ndani ya gari, yafike vifundoni, kisha ipake sakafu kwa chini chaki ya unga. Panapovuja patajionesha penyewe. Na msiniletee habari za kukalafati, kuziba mianya kwa pamba. Pamba na sifa, yale mafuta ya papa, vimeyaweka majahazi yetu hai kwa sababu mbao hulowa, ikavimba, ikaibana pamba. Bati halivimbi.

Ekseli ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa zinazunguka. Tarehe 1 Mei 1999, katika ziwa moja la Arkansas, Marekani, gari la kuelea la kubeba watalii lilizama na watu 13 kati ya 21 waliokuwemo wakafa. Maji yaliingilia kwenye raba ya shafti ya kuendeshea ekseli, iliyokuwa imechomoka. Kilichowaua wengi ni paa: gari lilipozama, turubai lililokuwa juu yao liliwazuia kutoka. Mwaka 2018, katika ziwa la Missouri, gari la aina hiyohiyo lilipigwa na dhoruba likazama, watu 17 wakafa. Hayo yalikuwa maziwa. Mkondo wa Pemba una mawimbi yake wakati wa kusi, na sisi tuliozika watu wa meli zilizozama, wa Spice Islander mwaka 2011 na wa Skagit mwaka 2012 hatuna haja ya kuelezwa. Gari la kuelea lisiwe na paa lililofungwa, na kila aliyemo avae boya tangu nchi kavu.

Jambo la pili ni mizani. Vitz na wenzake hubeba zaidi ya nusu ya uzito wao mbele, kwa hiyo majini huinamisha omo, yaani mbele, na kuinua tezi, yaani nyuma. Watu wakikaa viti vya nyuma mwinamo hupungua, wakishuka hurudi. Maji yakiingia ndani ndiyo balaa: aliyewahi kujitwika beseni lisilojaa anajua yanavyokimbilia upande ule ule unaolala. Sakafu igawanywe vyumba kwa vibao vya kukinga, na nafasi zote tupu zijazwe povu gumu lisilonyonya maji. Gari la kilo 900 linahitaji karibu mita moja ya ujazo ya povu hilo ili lisizame hata likijaa maji. Kupata nafasi hiyo ndani ya gari dogo si rahisi, na anayekwambia ameipata mwombe akuoneshe.

Kuhusu injini nitasema machache. Bomba la moshi na mdomo wa kuvutia hewa vyote viende juu, maana maji yakiingia silinda injini hujikata. Kompyuta ya gari ihamishwe kutoka miguuni. Rejeta nayo haipati upepo majini, basi feni ifanye kazi moja kwa moja. Magurudumu yakizunguka yatasukuma gari, ila polepole mno kwa maji ya bamvua. Funga mashine ya boti nyuma, ni rahisi kuliko kutoa rafadha kwenye giaboksi na haiongezi tundu.

Maoni yangu? Mwili wa gari uacheni. Kama lazima, chukueni kirikuu, ile pikapu ndogo, ambayo ina uzito wa takriban kilo 700 na injini yake iko katikati, na iwe ile iliyojengwa juu ya chesisi. Ivueni bodi, chesisi iwekwe ndani ya tumbo la fiba lililoundwa na fundi wa boti, na ni ekseli tu zinazotoboa. Na kama haja yenu ni kuvusha gari moja hapa na pale, pantoni ya mapipa huvusha gari lolote bila kulitoboa. Pipa la plastiki la lita 200 hubeba karibu kilo 195. Kwa gari na watu kilo 1,300, mapipa 7 yatakuwa yamezama yote, fungeni 14.

Chombo kinachobeba watu baharini kina sheria zake, hata kama kina namba za barabarani na bima. Pelekeni michoro kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini mapema, kabla fiba haijakauka.

Jaribio la kwanza lifanyike siku za maji mafu, palipo kimya, bila mtu ndani. Liegesheni kwenye mchanga wakati wa kupwa, nanga mbele na nyuma, mngoje maji yalikute. Likishaelea, pigeni mstari wa rangi pale maji yanapofika pande zote nne. Baada ya saa moja tazameni tena. Mstari ukishuka sentimita 2, lita 80 na zaidi zimekwishaingia: ngojeni kupwa, mlivute, mrudi kwenye chaki. Likitoka majini, hata kama halikuvuja, lioshwe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, breki zifunguliwe, na beringi zitiwe grisi siku hiyohiyo.