Banda jipya la mifugo: hitaji lionekane kwa mnyama na kwenye hesabu

Mfugaji anapoomba kibali au mkopo wa kujenga banda, sababu anayoandika mara nyingi ni moja: mifugo imeongezeka. Haitoshi. Anayesoma ombi hilo anataka kujua ni wanyama wangapi, wa umri gani, watakaa ndani miezi ipi, na kwa nini mabanda yaliyopo hayawafai.

Hesabu ifanywe kwa kipindi ambacho banda hujaa kuliko vipindi vyote, si kwa wastani wa mwaka. Mwenye ng'ombe 40 wa kukamua ana pia mitamba (majike machanga ambayo hayajazaa), ndama, walio karibu kuzaa na mgonjwa anayepaswa kutengwa. Wote hao wanahitaji nafasi zao.

Ng'ombe wa maziwa hulala saa 10 hadi 14 kwa siku. Vizimba vya kulalia vikipungua, wanyonge ndio wanaokosa. Pita bandani usiku, wenzao wakiwa wamelala wanacheua: utawakuta wamesimama kwenye ujia, kwato zimezama katika mavi na mkojo, au wamelala papo hapo chuchu zikigusa uchafu. Kuchechemea na ugonjwa wa kiwele huanzia hapo. Kumbukumbu za matibabu zikiwekwa sambamba na idadi ya wanyama na ya vizimba zinashawishi kuliko kurasa nzima za maelezo.

Lakini si kila banda lenye shida linahitaji banda la pili. Ndama wakikohoa, chuchumaa hadi kimo cha ndama aliyelala, kisha uvute pumzi. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia, gesi kali ya mkojo na mavi, kutoka kwenye matandiko. Tazama na chini ya paa: matone ya maji na weusi wa ukungu ni dalili kwamba hewa chafu haitoki. Kufungua sehemu ya juu ya paa na ya kuta kunaweza kumaliza tatizo kwa gharama ndogo. Binafsi siungi mkono ombi ambalo halijapima njia hiyo kwanza. Kama haifai, lieleze: nguzo zimeoza, au trekta haliwezi kuingia kuzoa samadi.

Samadi yenyewe husahaulika sana, nami naona ni kosa kubwa. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa zaidi ya kilo 40 za mavi na mkojo kwa siku. Zitahifadhiwa wapi? Zitatandazwa shamba lipi? Maji ya mvua kutoka paani yatazuiwaje yasichanganyike nazo? Jirani anayeteka maji kisimani ana haki ya kupata majibu hayo kabla msingi haujachimbwa.

Ukubwa wa banda nao ufuate malisho na nguvukazi iliyopo. Shamba lenye lishe ya ng'ombe 40 likijenga banda la 80, lishe ya waliobaki itanunuliwa kila msimu, na gharama hiyo iandikwe ndani ya ombi lenyewe.