Kichina, Kijapani na Kikorea si lugha moja

Juzi hapa Moshi binti wa jirani alitueleza kwamba chuoni, kando ya shahada ya utalii, atasoma pia lugha na tamaduni za Asia Mashariki. Mjomba wake akamwambia: “Soma Kichina tu, mama, hao wengine wanaongea hichohicho.”

Sivyo kabisa. Kijapani na Kikorea havina undugu wa asili na Kichina. Viliazima maneno mengi na maandishi, kama Kiswahili kilivyoazima Kiarabu kikabaki cha Kibantu. Tazama alama 山, yaani mlima. Mchina husoma shān. Mjapani husoma san, neno lililotoka China, au yama, neno lake la nyumbani. Mkorea naye husema san, ila kwa kawaida huandika 산, kwa herufi zilizotangazwa mwaka 1446 enzi za mfalme Sejong.

Kichina sanifu kina toni nne, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno: mā ni mama, mǎ ni farasi. Kijapani hakina toni za namna hiyo, na irabu zake ni tano kama zetu. Binti alitamka yama mara moja tu, akiutazama Kibo, ikatoka safi. Kitenzi ndicho kitamsumbua: Wajapani na Wakorea hukiweka mwisho wa sentensi, Wachina katikati, kama sisi.